Godoro Ndani ya Ngoma Kubwa

3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Keti kwanza ndipo usome. Nimechukuliwa. Ile bendi niliyokueleza, yenye magitaa matatu na tarumbeta mbili, imenichukua niwe mpiga dramu wao wa kudumu, si wa majaribio. Nilipoambiwa nilitoka mbio mpaka barabarani, kisha ikabidi nirudi kwa sababu nilikuwa sina viatu.

Na si hilo tu. Tarehe kumi Aprili tunaanza kurekodi, nyimbo nane. Mimi huyu uliyekuwa ukinifukuza jikoni kwa kuvunja sufuria.

Sasa sikia balaa. Dramu nilizokabidhiwa ni nzuri zote isipokuwa ile kubwa ya mguuni. Ukiigonga mara moja inalia buuuuu, kama pipa tupu lililoangushwa kutoka ghorofani, na inaendelea kunguruma wakati wimbo umeshapiga kona. Studio ina fundi mitambo wake, mtu mrefu asiyecheka, hedifoni shingoni kama tai. Juzi alinisimamisha katikati ya wimbo. "Dada," akasema, "hiyo ngoma yako haijui kunyamaza." Nikaenda nyumbani, nikachukua godoro langu la wageni, nikalikunja, nikalisokomeza lote ndani. Jana akanisimamisha tena. "Sasa unapiga gunia la unga."

Halafu akamwambia Kiongozi wetu, mbele yangu, kwamba atanisikiliza kwa mara ya mwisho tarehe nane Aprili. Ngoma isipokaa sawa, atatumia ngoma ya mashine, na mimi nitabaki wa kutabasamu kwenye picha.

Nimekupigia simu mara tisa. Mkaza mjomba anapokea, anasema umetoka. Unatoka kwenda wapi kila saa? Niambie nifanye nini. Nimekaza boliti zote kumi na sita mpaka kiganja kimetoa malengelenge.

Mpwa wako mwenye furaha na hofu kwa pamoja,
Kishindo


8 Machi

Kishindo,

Marahaba. Niliketi, nikasoma, nikasimama, nikasoma tena. Mkaza mjomba wako akadhani kuna msiba. Nikampa barua, naye akapiga kigelegele hadi jirani akachungulia dirishani.

Habari za simu achana nazo. Simu inameza besi. Huwezi kuelezwa ngoma kubwa kwa kitu kilicho kama kipande cha sabuni. Wewe andika, mimi nitajibu.

Kwanza toa hilo godoro, wageni wasije wakalala sakafuni. Pili, ulikaza boliti zote ukiwa na hasira, na ngozi iliyokazwa kwa hasira huvutwa upande. Legeza zote. Vua ngozi zote mbili, ya nyuma inayopigwa na ya mbele inayotazama watu. Futa ukingo wa mbao kwa kitambaa kikavu. Rudisha ngozi ya nyuma na ukaze kwa vidole tu, mpaka vidole vikatae. Weka kiganja katikati, usukume kwa uzito wako, taratibu, kama anayefunga sanduku lililojaa nguo. Utaona mikunjo pembeni. Hapo chukua ufunguo. Nusu mzunguko boliti ya juu, kisha ile inayotazamana nayo chini, kisha kushoto, kisha kulia. Usifuatane nazo kama mshale wa saa. Mikunjo ikiisha kote, acha.

Sasa laza ngoma na unyunyize mchele mkavu juu ya ngozi, konzi moja. Gonga kwa kidole karibu na kila boliti, utazame. Panaporuka punje juu sana pamekazwa mno. Panapotambaa pamelegea. Zikiruka sawasawa pande zote, ngozi imekaa. Kisha fanya hivyo hivyo mbele.

Mambo ya kuizima yatakuja baadaye. Kuzima mlio si kuuua. Unataka ngoma iseme neno lake moja na ifunge mdomo, lakini lazima iseme.

Sisi huku tupo. Bendi yetu inapiga kila Jumamosi kama kawaida, nyonga ndizo zinalalamika.

Mjomba wako


13 Machi

Mjomba,

Mchele, Mjomba. Nani alikufundisha mchele? Nimepiga magoti sakafuni asubuhi nzima nikizitazama punje kama mtoto anayetazama siafu. Fundi mitambo alipita akasimama. "Unapika?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, na yeye hajaalikwa.

Sehemu kubwa inafanya kazi kama ulivyosema. Punje zinaruka pamoja, mstari mmoja, mpaka raha. Lakini kuna mahali pamoja, kati ya boliti ya tatu na ya nne, punje zinakufa. Nikaze, nilegeze, zinatetemeka kidogo na kulala. Nimebadilisha ngozi nikaweka mpya, bado ni palepale. Na mlio ule wa pipa upo, umepungua tu.

Jambo jingine. Nimezungumza na Kiongozi. Anasema wageni wanaruhusiwa kukaa nyuma ya kioo siku ya kwanza ya kurekodi. Nimekuwekea kiti. Njoo tarehe kumi. Wewe ndiye uliyeniweka kwenye kigoda nikiwa sifikii pedali, ukanifungia kibao mguuni ili nifikie. Nani mwingine akae kwenye hicho kiti?

Kishindo


17 Machi

Kishindo,

Kama punje zinakufa palepale baada ya kubadilisha ngozi, basi ugonjwa hauko kwenye ngozi. Uko kwenye mbao.

Vua ngozi tena. Tafuta meza bapa kabisa, ya kioo ukipata. Simamisha pipa la ngoma juu yake, ukingo ukigusa meza, na ndani yake weka taa. Funga mapazia. Zunguka ukichungulia pale ukingo unapokutana na meza. Ukingo mzuri haupitishi mwanga. Ukiona mstari wa mwanga, hapo pana bonde, na ngozi inakaa hewani badala ya kukaa juu ya mbao. Ndiyo maana inanguruma ovyo.

Dawa yake ni msasa mlaini. Ubandike juu ya meza hiyohiyo, kisha usugue ukingo mzima kwa kuzungusha pipa, si kusugua bonde peke yake. Baada ya kila mizunguko ishirini, rudisha taa uangalie. Ukiwa na haraka, acha, unywe chai kwanza.

Kuhusu tarehe kumi, nashukuru sana, lakini siku hiyo bendi yetu ina harusi. Nimeshatoa ahadi. Mpe kiti mtu mwingine.

Mjomba wako


22 Machi

Mjomba,

Mwanga ulipita. Nilipouona nilipiga yowe hadi Kiongozi akaja akidhani umeme umenipiga. Bonde lenyewe lilikuwa refu kama kiganja na jembamba kama ukucha. Ngoma hii imekuwa studio miaka mingi, wamepita wapiga dramu sijui wangapi, kila mmoja akiisokomeza matambara, na hakuna aliyewahi kuitazama chini. Nimesugua siku mbili. Nywele zangu zilijaa vumbi la mbao nikawa kama mwokaji. Jana jioni taa haikupenya popote. Nikarudisha ngozi, nikafuata hatua zako zote, nikakanyaga pedali.

Dhu.

Basi, hivyo tu. Nilikanyaga tena na tena mpaka mpiga tarumbeta akaniomba nipumzike. Fundi mitambo alisikiliza kwa hedifoni, akainua kidole kimoja. Wanasema kwake hiyo ni shangwe. Lakini amesema bado ina mkia, yaani sauti inayoburuta nyuma ya pigo, na maikrofoni inaukuza. Nikiweka taulo ndani mkia unakatika na pigo linakufa pia. Nikitoa taulo mkia unarudi. Zimebaki siku kumi na saba.

Nilitaka kuishia hapo, lakini siwezi.

Leo mchana mpiga tarumbeta wa bendi yenu alipita hapa kumsalimia mwenzake. Nilifurahi kumwona. Nikamwuliza harusi ya tarehe kumi iko wapi. Akanitazama. "Harusi gani? Mjomba wako aliacha bendi mwaka jana. Hata ngoma alizichukua."

Kumbe hakuna harusi. Kumbe hakuna Jumamosi. Najua nilipoondoka hukufurahi, najua ulitaka nibaki nirithi kiti chako, na hukuniaga kituoni. Lakini ningependa uniambie hutaki kuniona kuliko kunitungia harusi.

Ahsante kwa ile taa.

Kishindo


26 Machi

Mwanangu,

Mjomba wako anadhani naandika orodha ya sokoni, kwa hiyo nitafupisha.

Hasikii. Sikio la kushoto lilikwenda kwanza, miaka mitatu sasa. La kulia limefuata. Daktari alisema ni miaka arobaini ya kukaa chini ya tarumbeta na matoazi. Akikaa mbele yako anakusoma midomo na kuotea, na mara nyingi anapatia, ndiyo maana hukugundua ulipokuwa hapa. Kwenye simu hapati kitu. Mara zote tisa ulipopiga alikuwa amekaa mbele yangu, ananitazama mdomo, na mimi ndimi niliyesema ametoka. Nimechoka kumtoa mtu nyumbani hali amekaa.

Siku unaondoka hakuja kituoni kwa sababu kituoni kuna kelele za mabasi, na aliogopa utamwambia neno la kuagana naye asilipate.

Barua zako anazisubiri mlangoni. Akishasoma anaingia chumba cha nyuma, anavua ngozi ya ngoma yake na kufanya kila hatua mwenyewe kabla ya kukuandikia. Kwa siku tatu nimekuwa nikifagia mchele. Alipoazima meza ya kioo ya jirani na kufunga mapazia yangu mchana kweupe, nilijua ngoma yako inaumwa sana.

Hii ya mwisho ameisoma mara moja tu na kuiweka mfukoni. Tangu jana hajala vizuri. Fanya unavyoona, ila usiache kumwandikia.

Mkaza mjomba wako


30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Usimkasirikie mkeo. Ameniambia.

Naomba radhi kwa barua ya tarehe ishirini na mbili. Naomba uichome.

Nimezitandaza barua zako zote kitandani na kuzisoma upya. Kiganja. Vidole vikikataa. Mikunjo. Punje. Taa. Umenifundisha ngoma nzima, na neno "sikiliza" halimo hata mara moja. Na mimi, mwenye masikio mawili mazima, sikuliona.

Sasa nisome polepole. Sikuiti ili nikuonee huruma. Nakuita kwa sababu nimekwama. Mkia bado upo. Nimejaribu taulo, blanketi, mto, sponji, na gazeti. Kila mtu hapa ana masikio na kila mmoja anasikia tofauti. Mpiga besi anasema punguza, Kiongozi anasema ongeza, fundi mitambo anatazama saa. Nahitaji mtu mmoja anayeijua ngoma kwa njia nyingine.

Tarehe saba ni siku moja kabla ya jaribio la mwisho. Nitakuwa kituoni. Sitasema neno la maana mpaka tuwe mahali penye mwanga, na nitakutazama usoni.

Kishindo


3 Aprili

Kishindo,

Sikuichoma. Uliandika ukweli kwa kadiri ulivyoujua, kosa lilikuwa langu.

Nitakuambia jinsi nilivyoacha, kwa kuwa sijamwambia mtu. Tulikuwa ukumbini, wimbo wa mwisho. Kiongozi wetu alitoa ishara ya kufunga nami nikawa nimeinamia matoazi. Wote wakanyamaza. Mimi nikaendelea. Sijui nilipiga peke yangu muda gani. Nilipoinua kichwa ukumbi mzima ulikuwa umenigeukia. Walidhani ni mbwembwe, wakapiga makofi. Niliona mikono inapigana bila sauti. Nikasimama, nikainama kama mtu aliyekusudia, na kesho yake nikaenda kuchukua ngoma zangu.

Ungeweza kuniuliza kwa nini nilikuficha. Hukuniuliza, lakini najibu. Uliponiandikia habari za pipa tupu, nilikuwa mwaka mzima sijaulizwa kitu. Watu wakijua fundi hasikii, hawamuulizi habari za sauti. Wanamuuliza hali ya afya. Niliogopa na wewe utaanza kuniuliza hali ya afya.

Tiketi nimekata. Tarehe saba, basi la asubuhi. Niandalie mkasi mkali.

Mjomba wako


9 Aprili

Mkaza mjomba,

Shikamoo. Mumeo atafika kesho na hatakusimulia chochote, atasema tu safari ilikuwa nzuri. Kwa hiyo nakusimulia mimi, na barua hii nampa mwenyewe mkononi. Nimeibandika gundi asije akaisoma ndani ya basi.

Tulifika studio saa nne. Fundi mitambo akamsalimia kutoka nyuma, hakujibiwa, akaninong'oneza, "Mzee amekasirika?" Nikamwambia, "Mzee hasikii." Alinitazama kama niliyeleta mpishi asiye na mikono. Akaja karibu yangu, akasema, "Dada, kesho ndiyo siku yenyewe, na wewe umeniletea..." Hakumaliza, maana Mjomba alikuwa amegeuka anamtazama mdomo. "Malizia," Mjomba akamwambia.

Mjomba akavua viatu na soksi. Akakaa sakafuni mbele ya ngoma, kiganja kimoja juu ya ngozi ya mbele, kingine juu ya mbao. Akanipungia. Nikakanyaga pedali labda mara thelathini. Alikuwa amefumba macho. Kisha akainuka, hakugusa boliti hata moja, akaja akanishika goti.

"Unaikandamiza," akasema. "Unapiga, halafu nyundo inalala juu ya ngozi. Unaiziba mdomo, kisha unashangaa inaguna. Piga, iachie."

Nikapiga, nikaiachia. Mkaza mjomba, nusu ya mkia iliondoka hapohapo. Zaidi ya mwezi mzima nimepigana na ngoma, kumbe ugomvi ulikuwa kwenye mguu wangu.

Kisha akaomba mkasi. Akavua kofia yake, ile ya sufu nzito ya kijivu unayoijua. Najua ulimnunulia wewe, nisamehe, nilijaribu kumzuia. Akaikata utepe wa upana wa vidole vitatu, akaunganisha vipande kwa sindano ya mama anayefagia studio, akaunyoosha chini ya ngozi ya nyuma kutoka juu hadi chini, kando kidogo ya katikati. Matambara yote mengine akayatupa mlangoni. Akalegeza ngozi ya mbele robo mzunguko.

Halafu akaenda nyuma ya kioo bila kukaribishwa. Nilidhani atamwomba fundi mitambo asikilize. Hapana. Alitazama mishale ya mashine, ile inayoruka sauti ikiingia. Nikipiga, mshale unaruka, kisha unashuka polepole. Akaugusa kwa kidole, akasema, "Huu hapa mkia wako." Akarudi, akavuta utepe ukaze kidogo. Akaenda tena. Akarudi. Safari kama kumi hivi. Mpaka ikafika mahali nikipiga, mshale unaruka na kuanguka papo hapo.

Fundi mitambo alikuwa na hedifoni masikioni wakati wote. Akazivua. Akaniambia, "Muulize amejuaje." Nikamwambia amuulize mwenyewe, asimame penye mwanga. Akasimama mbele ya Mjomba, akasema taratibu, "Mzee, umejuaje?"

Mjomba akamjibu, "Nimekuona uso. Tangu asubuhi ulikuwa umekunja ndita hapa." Akajigusa kati ya nyusi. "Sasa umezikunjua."

Fundi mitambo akacheka. Wote tuligeuka kumtazama, hatukuwa tumewahi kumwona meno.

Jana, tarehe nane, jaribio la mwisho halikuchukua dakika tano. Fundi mitambo alisikiliza mapigo kumi, akaenda kwenye ile ngoma ya mashine, akachomoa waya, akauviringa na kuuweka kabatini. Kisha akamuuliza Mjomba kama anaweza kurudi mwezi wa sita, kuna bendi mbili zinakuja na ngoma zao ni mbovu. Mjomba akasema ataniuliza mimi. Nimesema ndiyo. Uniunge mkono.

Kesho tunaanza. Kiti nyuma ya kioo amekikataa, anasema watu watamwangalia yeye badala ya kunisikiliza mimi. Anataka kurudi nyumbani kwako. Mnunulie kofia.

Kishindo


2 Mei

Kishindo,

Kifurushi chenye nyimbo zenu kimefika salama, na barua ya Kiongozi wenu nimeisoma. Mwambie ana mwandiko mbaya na adabu nzuri.

Tuliazima spika kubwa ya jirani, yule wa meza ya kioo, ambaye sasa anadai awe mwanachama wa bendi. Tuliilaza kwenye sakafu ya mbao ya chumba cha nyuma. Mimi nikalala chali pembeni yake, mgongo sakafuni, kiganja kwenye spika. Mkaza mjomba wako akaketi mlangoni. Kazi yake ilikuwa kuinua mkono kila wimbo unapoanza na unapoisha, nisije nikabaki peke yangu tena.

Wimbo wa kwanza uliingia kwenye mbavu. Sijui nikuelezeje. Mwaka mzima nimekuwa nikiweka mkono kwenye ngoma niliyoipiga mwenyewe, ambayo ni sawa na mtu kujishika mkono. Hii ilikuwa ni wewe, kutoka mbali, na kila pigo lilikuja zima, likasema neno lake na kufunga mdomo. Nyimbo zote nane nililala pale. Mkaza mjomba wako anasema nilikuwa nachezesha mguu wa kulia. Tukarudia mara ya pili. Mara ya tatu aliniacha akaenda kupika.

Nakupongeza kutoka moyoni. Sitalisema hili mara mbili, kwa hiyo hifadhi barua.

Sasa, wimbo wa tatu. Baada ya tarumbeta kuondoka, unaporudi na ngoma kubwa peke yako, unakimbia. Si sana, lakini mpaka kwenye kiitikio umeshawaacha wenzako hatua nzima na wanakufukuza. Nilirudia mara nne kuhakikisha. Ninajua ni furaha. Lakini ni mbio.

Tarehe ya mwezi wa sita nimeikubali.

Mjomba wako


6 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Nilisoma aya yako ya mwisho kwa sauti mbele ya bendi nzima. Walikataa wote. Mpiga besi alisema hakuna aliyesikia mbio zozote, na watu sita wenye masikio hawawezi kukosea. Kiongozi akasema rekodi imeshakwisha, tumeshasherehekea.

Fundi mitambo aliwasha mitambo yake, akaufungua wimbo wa tatu, akapima mapigo yangu moja baada ya jingine kwenye mashine, kuanzia tarumbeta zinapoondoka. Tulisimama nyuma yake tumebanana. Alipofika kwenye kiitikio akazungusha kiti, akatutazama.

"Anakimbia," akasema.

Tunaurudia wimbo huo kesho saa tatu asubuhi. Mpiga besi hanisemeshi. Kiongozi anauliza kama una neno lolote kuhusu magitaa, nami nimemwambia asithubutu kukuuliza.

Kishindo